UZI: Cab Calloway aligeuzwa jisili la barafuni na bado akacheza kuliko wote (jazz kwenye katuni za kale za Marekani)

SanturiYaMkwaruzo:

Wakuu, salaam. Uzi huu niliuahidi kule kwenye mjadala wa bendi za zamani, nikawa napiga chenga kila nikiulizwa. Leo mvua imenifungia ndani toka asubuhi, acha niushushe. Ni mrefu, mwenye haraka apite.

Nyumbani kwetu hatukuwa na tivii. Tulikuwa tunajazana sebuleni kwa jirani, viatu mlangoni, kuangalia Tom na Jerry. Kuna moja Tom anakuja usiku na besi kubwa la kusimama, linamzidi kimo, anamfunga mbwa kamba halafu anaanza kumwimbia paka jike chini ya dirisha. Wenzangu walikuwa wanangoja Jerry amfungulie mbwa. Mimi nilikuwa naomba mbwa akawie kidogo, wimbo uishe kwanza. Ukubwani ndipo nikajua katuni yenyewe inaitwa Solid Serenade, ya 1946, na wimbo ni wa Louis Jordan, Mmarekani mweusi mpiga saksafoni, uliokuwa umetamba miaka miwili nyuma yake.

Basi nikaanza kufukua. Kila nikichimba nakuta jazz. Nikafika New York ya 1932, nikakwama hapo hadi leo.

Pale Broadway palikuwa na studio ya ndugu wawili, Max na Dave Fleischer. Disney alikuwa kule California, upande wa pili wa nchi, na mashamba yake na kuku wake. Hawa wa New York walichora mji wao: baa, walevi, wahamiaji wenye lafudhi nzito, mizuka, nyumba zinazopiga miayo. Nyota wao alikuwa Betty Boop. Alipotokea mara ya kwanza 1930 alikuwa nusu mbwa, masikio yananing'inia. Mwaka 1932 masikio yakageuka hereni, akawa binti wa watu.

Sasa tafuteni katuni yao ya 1932 iitwayo Minnie the Moocher. Inaanza na watu wa kweli, si michoro. Bendi imekaa, na mbele yao kijana mwembamba wa miaka 24 anateleza huku na huko kana kwamba sakafu imemwagwa mafuta. Huyo ndiye Cab Calloway, na hakuna picha ya sinema ya zamani zaidi ya hiyo inayojulikana inayomwonyesha. Atakayemwona hapo lazima amkumbuke Michael Jackson, tena hapo Michael bado miaka 26 azaliwe.

Kisha michoro inaingia. Betty amekataa kula, baba yake anafoka mpaka kichwa kinageuka gramafoni, na mama anakuja kubadilisha santuri (hapo mimi hoi kila mara). Betty anatoroka na rafiki yake Bimbo, usiku unawakuta kwenye pango. Humo pangoni linatokea jisili la kizuka, yule mnyama wa nchi za barafu mwenye meno mawili marefu yaliyoshuka kama pembe za ndovu. Linafungua mdomo, inatoka sauti ya Cab. Linaanza kucheza. Na wewe uliyemwona Cab dakika tatu nyuma unashtuka: ni yeye! Miguu ni ile, mabega ni yale, mikono inaning'inia vilevile.

Siri yake ni chombo alichokibuni Max na kukipatia hataza mwaka 1917, rotoskopu. Unampiga mtu picha za sinema akicheza. Halafu filamu ile unaimulika kutoka chini ya kioo, picha moja moja, na mchoraji ameinama juu ya kioo anafuatisha mistari. Kazi ya kuumiza macho. Lakini ukimaliza, mwendo unakuwa wa yule mtu mwenyewe hata kama umemvika umbo la mnyama.

Na hili ndilo lililonifanya nianzishe uzi. Wakati ule Cab alikuwa anaongoza bendi ya Cotton Club, pale Harlem, mtaa wa watu weusi. Wapigaji weusi, wachezaji weusi, wahudumu weusi. Wateja weupe. Mweusi hakuwa na ruhusa ya kuingia akakaa mezani akaagiza kinywaji. Mtu anaruhusiwa kuwaburudisha watu, hana ruhusa ya kukaa nao. Studio nao wakafanya jambo linalofanana na hilo kwa kalamu: mwili wake waliuchukua wote, mpaka mkunjo wa goti, sura wakaiacha mlangoni. Mimi nikiangalia lile jisili naona vitu viwili kwa mpigo, heshima na dharau, na miaka yote hii sijaweza kuvitenganisha.

Ziko nyingine mbili za Cab, zote za 1933: Snow-White na The Old Man of the Mountain. Nitazirudia. Karibuni.

Kigoda_cha_Nyuma:

Nimeweka kigoda. Tiririka mkuu.

MtotoWaGerezani [siyo jela, ni Gerezani mtaa wa Dar]:

Mkuu swali la kizembe. Hiyo "jazz" unayosema ndiyo ile ya Morogoro Jazz na Tabora Jazz? Maana mimi marehemu babu alikuwa mpenzi wa Western Jazz, na nikisikiliza muziki wa hizo katuni naona haviendani kabisa.

SanturiYaMkwaruzo:

Si la kizembe hata kidogo. Sisi tulichukua jina na vyombo: tarumbeta, saksafoni, dramu, banjo. Muziki wenyewe tukaupika kivyetu, na baadaye rumba ya Kuba ikaingia kwa nguvu kupitia santuri. Kwetu "jazz" ikawa maana yake bendi ya dansi yenye vyombo vya kisasa. Ndiyo maana Congo kuna OK Jazz na ukiisikiliza ni rumba tupu. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka huohuo wa 1932. Jina moja, mwaka mmoja, muziki tofauti.

Ila kuna kitu babu yako angekitambua papo hapo kwa Cab: kuitikiana. Kwenye Minnie anatupa neno lisilo na maana yoyote, "hi-de-hi-de-ho", bendi inampokea, anatupa jingine refu zaidi, wanampokea, mpaka anawatupia refu lisilopokeleka watu wanacheka. Hilo mtu wa ngoma yoyote ya kwetu analijua.

BintiMalindi:

Shikamooni wakubwa. Nimesoma, nimefurahi, halafu nikaenda YouTube nikakosea njia nikaangukia ya Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta mweusi, ya hao hao Fleischer, I'll Be Glad When You're Dead You Rascal You. Ya mwaka huohuo. Mbona hiyo hukuitaja kwenye uzi, kaka Santuri?

Nawasimulia wasioiona. Inaanza vilevile, Armstrong na bendi yake, watu wazima wametulia na suti zao. Halafu Betty na wenzake wako msituni, wanakamatwa na "wenyeji" wenye midomo ya kuchorwa na mifupa, wanataka kumpika. Bimbo na Koko, yule mchekeshaji wa sarakasi, wanakimbizwa na mmoja wao, na kichwa cha yule mwenyeji kinatoka mwilini, kinaruka angani, kinageuka kichwa cha Armstrong. Cha kweli, cha picha. Kinawafukuza huku kinaimba. Na mpiga dramu wake wanamlinganisha na mpishi anayekoroga chungu cha nyama ya watu.

Sasa hapo heshima iko wapi? Wewe umetuonyesha sili tu kwa sababu sili halichomi.

Kigoda_cha_Nyuma:

Eeeh. Dada kaleta moto.

SanturiYaMkwaruzo:

Dada BintiMalindi, marahaba, na umenikamata. Niliiacha makusudi. Niliogopa uzi ungegeuka huo wakati nataka watu waisikie kwanza tarumbeta. Nakubali ni uoga.

Katuni ile inatukana, hakuna namna ya kuizungusha. Na inatutukana sisi moja kwa moja, maana msitu ule wa kuchora unadaiwa kuwa ni Afrika. Mchoraji wa Broadway hajawahi kukanyaga huku, picha zake za Afrika kazitoa kwenye vichekesho vya jukwaani ambako wazungu walikuwa wanajipaka masizi usoni. Kwake, mtu akipuliza tarumbeta namna ile, basi chini ya suti kuna msitu. Ndicho kichwa kile kinachoruka kinachosema.

Kitu kimoja tu nakiongeza. Armstrong huyohuyo alitua Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1960, na umati ukambeba juu kwenye kiti kama chifu. Miaka 28 baada ya kichwa chake kurushwa juu ya msitu wa karatasi.

BintiMalindi:

Hilo la kiti sikulijua. Nimekusamehe nusu.

FundiPichaMbili:

Wakuu, mimi ni mchoraji katuni kwa kazi (matangazo hasa, njaa tu). Niongezee upande wa ufundi, kwa sababu watu wanadhani jazz iliwekwa juu kama chumvi mezani. Hapana, ilikuwa kwenye unga tangu unakandwa.

Sinema yenye sauti inakwenda picha 24 kwa sekunde. Ukitaka pigo moja la muziki kila picha ya 12, unapata mapigo mawili kwa sekunde, 120 kwa dakika. Ukitaka wimbo uchangamke, pigo kila picha ya 8, unapata 180. Kwa hiyo mchoraji kabla hajagusa kalamu anajua goti linakunjika picha ya ngapi na linanyooka picha ya ngapi. Ndiyo maana kwenye katuni za Fleischer hakuna anayesimama wima akatulia. Hata aliyekaa anapanda na kushuka. Nyumba inapanda na kushuka. Sisi kazini tukifundishana tunasema "mwili upumue", wao mwili ulikuwa unapumua kwa kufuata dramu.

Na jingine: kwa kawaida Fleischer walichora kwanza halafu waigizaji wakaja kuweka sauti huku wanaangalia picha. Ndiyo sababu unasikia wahusika wananong'ona maneno ya pembeni bila mdomo kufunguka, waigizaji walikuwa wanajitungia. Lakini kwa nyimbo za Cab ilibidi muziki urekodiwe kwanza, ndipo michoro ifuate. Hapo bendi ndiyo iliyokuwa inaongoza, mchoraji anafuata nyuma kama mpiga manyanga.

Halafu marekebisho kidogo kwa mtoa uzi: jina la Max ndilo lililo kwenye hataza, lakini mwili wa kwanza kupita kwenye kioo kile ni wa mdogo wake. Dave alivaa nguo za mchekeshaji wa sarakasi akarukaruka mbele ya kamera, ndipo akazaliwa Koko. Na 1933, kwenye Snow-White, Koko huyohuyo ndiye anayeimba kwa sauti ya Cab na kutembea kwa miguu ya Cab.

SanturiYaMkwaruzo:

Asante fundi, nondo tupu. Na hiyo Snow-White isimulie wewe, maana ni kazi ya mikono.

FundiPichaMbili:

Dakika saba hivi. Kazi ya Roland Crandall karibu peke yake, na inasemekana ilimchukua miezi sita. Hii ni miaka minne kabla ya ile ndefu ya Disney ya 1937, msichanganye.

Betty yumo ndani ya jeneza la barafu, vijeba saba wanalibeba kuingia kwenye pango. Koko anafuata nyuma anaimba St. James Infirmary Blues, wimbo wa mtu aliyekwenda hospitali kumwona mpenzi wake amelazwa mezani, maiti. Malkia mchawi anamgeuza Koko kuwa zuka jeupe lenye miguu mirefu, lakini hatui wimbo. Na kila anachotaja, mwili unakuwa hicho. Anataja sarafu ya dhahabu kwenye mkufu wa saa, mwili mzima unakuwa mkufu na sarafu. Anataja pombe, kichwa kinakuwa chupa. Nyuma yake kuta za pango zina mifupa inayocheza kamari. Na miguu, jamani ile miguu! Nimeisimamisha picha moja moja mara nyingi sana, uzito unahama kutoka kisigino kwenda kidole namna ambayo mtu hawezi kuitunga kichwani. Lazima awe ameiona kwa mtu.

Mwaka 1994 Marekani waliiingiza kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa. Cab mwenyewe alifariki mwaka huohuo.

JioniMwananyamala:

Mimi si mtu wa muziki ila ni mtu wa sheria, na kuna kesi hapa mnaipita. Mwaka 1932 mwimbaji mzungu Helen Kane aliwashtaki Fleischer na Paramount, wasambazaji wa katuni zao, akidai dola 250,000. Dai: Betty Boop ni mimi, sauti hiyo ya kitoto na vile vi-"boop-boop" ni vyangu, mmeniiba. Kesi ikasikilizwa 1934. Upande wa utetezi wakamleta meneja mmoja akaeleza kwamba kulikuwa na msichana mweusi, Esther Jones, aliyejulikana jukwaani kama Baby Esther, akiimba hivyo kwenye vilabu kabla, na kwamba Kane alikwenda kumwona. Wakaonyesha na filamu ya majaribio ya huyo binti. Jaji akatupa dai la Kane.

Angalieni vizuri lakini. Esther hakuwa mdai. Jina lake lilitumika kumnyima Kane, kisha likarudishwa kabatini. Betty akaendelea kuuza tiketi. Yaani ushahidi wa binti mweusi ulikuwa na thamani mpaka pale ulipowaokoa wenye studio, basi.

BintiMalindi:

Kaka, hiyo imenikaa kooni.

MtotoWaGerezani:

Swali jingine. Kwa nini wanamuziki walikubali? Cab na Armstrong walikuwa majina makubwa.

SanturiYaMkwaruzo:

Biashara. Fleischer walisambaziwa katuni na Paramount, na Paramount walikuwa na majumba yao ya sinema nchi nzima. Zama zile jumba kubwa halikuonyesha sinema peke yake, bendi zilipiga jukwaani kati ya onyesho na onyesho. Kwa hiyo katuni ikawa tangazo: watu wanaiona leo, mwezi ujao bendi yenyewe inashuka mjini. Kumbuka pia hapo uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka chali tangu 1929, na mwenye bendi ya watu kumi na zaidi ana midomo ya kulisha. Don Redman, mwenye bendi mwingine, alikubali; Mills Brothers, kundi la waimbaji, walikubali.

Inasimuliwa, na Dave Fleischer mwenyewe ndiye msimuliaji, kwamba Cab alipojiona yuko kwenye umbo la sili alicheka mpaka akaanguka chini. Mimi naiamini. Ila kicheko ni kitu kipana.

Mkunga_wa_Redio:

Mmewasahau Warner na Disney. Bugs Bunny hakuna jazz humo?

SanturiYaMkwaruzo:

Imo, ila ya aina nyingine, nitakwenda haraka maana si mapenzi yangu.

Warner walikuwa wamenunua kampuni za nyimbo, wakataka katuni zitangaze nyimbo zao, ndiyo maana hata jina Merrie Melodies limekaa kimuziki. Kuanzia 1936 walikuwa na Carl Stalling, aliyewahi kupiga kinanda kwenye majumba ya sinema bubu kule Kansas City. Yeye alichanganya kila kitu. Ule muziki wa mashine za kiwandani unaokwenda tiki-taka, ambao kila mtu anaujua bila kuujua, ni Powerhouse ya Raymond Scott wa 1937. Scott hakuutunga kwa ajili ya katuni hata siku moja.

Disney walitoa Music Land mwaka 1935: nchi ya simfoni upande huu, kisiwa cha jazz upande ule, katikati bahari ya ugomvi. Mwana wa mfalme saksafoni anampenda binti malkia zeze. Wanarushiana mabomu ya noti. Nzuri, safi, na hakuna mtu mweusi hata mmoja humo, jazz imebaki mabomba na vifungo.

BintiMalindi:

Na zile zilizofungiwa?

JioniMwananyamala:

Hizo nazijua. Mwaka 1968 United Artists, waliokuwa na haki za katuni za kale za Warner, waliondoa 11 kwenye televisheni kwa ajili ya namna zilivyowachora watu weusi. Kadhaa kati ya hizo ndizo zilizojaa jazz. Coal Black and de Sebben Dwarfs ya Bob Clampett, 1943, ndiyo inayobishaniwa kuliko zote. Jamaa na wachoraji wake walikwenda klabu ya weusi Los Angeles kuangalia watu wanavyocheza, sauti za wahusika wakuu wakaweka waigizaji weusi, akiwemo Vivian Dandridge. Halafu wakaja wakachora midomo ileile. NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, walilalamika mwaka huohuo.

FundiPichaMbili:

Nimeiona. Kama mchoraji nasema mwendo wake ni wa moto hasa. Kama mtu mweusi niliizima dakika ya nne nikaenda nje.

Mkunga_wa_Redio:

Na kwa nini zikaisha? Hizi za Fleischer za pangoni.

SanturiYaMkwaruzo:

Kuanzia katikati ya 1934 kanuni za maadili za Hollywood zikaanza kusimamiwa kwa rungu. Betty akashushiwa gauni, akafungwa jikoni na mbwa mdogo na babu mmoja mvumbuzi. Nyimbo zenye maneno ya vijiweni vya Harlem hazikupita tena. Minnie wenyewe ukisikiliza santuri ya 1931 una msemo wa wavuta afyuni, mtoto haambiwi. Pango likafungwa hivyo.

Baadaye jazz ilitokea mojamoja. Ninayoipenda ni Three Little Bops ya 1957, Friz Freleng kaongoza, Shorty Rogers kapiga. Nguruwe watatu wana bendi, mbwa mwitu anataka kujiunga lakini tarumbeta yake haina ladha. Wanamtupa nje kila klabu. Mwisho anajilipua na baruti, anashuka jehanamu, na huko chini kwenye moto ndipo anaanza kupiga vizuri, mpaka nguruwe wanamkubali, mzimu wake unapanda kukaa nao jukwaani.

Kigoda_cha_Nyuma:

Yaani mpaka afe ndiyo wamkubali. Haya.

MtotoWaGerezani:

Wakuu nimerudi. Jana usiku nimeangalia Minnie na binti yangu wa miaka sita. Nilidhani ataogopa mizuka. Kwenye jisili alinyamaza, akaniambia baba rudisha nyuma. Nikarudisha. Akasema hapana, rudisha mpaka kwa yule anko. Nikarudisha mwanzo kabisa, kwa Cab na bendi. Akasimama, akajaribu kuteleza sebuleni na soksi, akaanguka, akasimama tena. Akaniuliza yule mnyama amejifunza kwa anko, au anko amejifunza kwa mnyama.

Nimemjibu. Leo asubuhi kaamka anataka tumwone "anko" tena, sili haliulizi.

SanturiYaMkwaruzo:

Mpe The Old Man of the Mountain. Mwanzoni Cab yumo tena mwenyewe na bendi nzima. Soksi mvue, vigae vyenu navifahamu.